Karatasi mbili, kuku wale wale

Ndugu wakulima, wafugaji na wavuvi wa koperative zetu, kutoka Kyavinyonge mpaka Kyondo, Butembo na Beni: mwezi uliopita komite yetu ya mifugo ilikuwa karibu kuvunjika kwa ajili ya namba mbili. Tunaandika habari hii kwa sababu tunajua haitakuwa ya mwisho. Siku hizi kila mradi unaoleta chanjo ya kuku au ya mbuzi unaomba damu ipelekwe labo, na karatasi inayorudi ndiyo inayoamua kama mradi utaendelea. Asiyejua kuisoma karatasi hiyo atasomewa na wengine, tena atasomewa vile wao wanavyotaka.

Mambo yalikuwa hivi. Tulichanja kuku dhidi ya Newcastle, ule ugonjwa ambao ndugu zetu wa Tanzania huuita kideri au mdondo, na ambao ukiingia kijijini leo, wiki ijayo unakuta manyoya tu. Baada ya wiki tatu tukatoa damu kwa kuku ishirini. Seramu yake, yaani yale maji ya manjano yanayobaki juu damu ikiisha kuganda, ikagawanywa mara mbili. Nusu ikaenda labo moja na nusu labo nyingine, maana mtu wa mradi alitaka uhakika. Karatasi ya kwanza ikarudi imeandikwa: wastani 5. Ya pili: wastani 2 840. Ni kuku wale wale, na damu ya asubuhi moja.

Mkutano ulifanyika pale karibu na ziwa, mahali mitumbwi inapofikia. Mtu mmoja akasimama akasema: huku tano, kule elfu mbili na zaidi, hapo kuna anayekula franga zetu. Mwingine akasema tano juu ya mia ni sufuri, kwa hiyo kuku hawakuchanjwa, waliwekewa maji ya ziwa machoni. Na aliyewachanja alikuwa amekaa pale pale. Ni mama ambaye kwa siku mbili alipita nyumba kwa nyumba kabla ya jua kutoka, kuku wangali wamefungiwa, tena katika kijiji ambamo ukitoka gizani unaweza kukutana na kiboko njiani. Aliitwa mwizi mbele ya jirani zake. Akaweka chini kisanduku chake cha baridi na vitonezi vyake, akaenda nyumbani. Kwa wiki kadhaa mtaa wake haukuchanjwa.

Sisi wa komite tulikosa siku ile, tuseme ukweli. Hakuna kati yetu aliyejua kumjibu yule ndugu. Tulijua tu kwamba labo zote mbili zinafanya kazi na kwamba mama yule si mwizi. Ikabidi twende kuuliza, na tuulize tena, mpaka mafundi wa labo wakatuonyesha kwa macho. Tuliyoyaona ndiyo tunayaleta hapa, pamoja na maoni yetu, ambayo si lazima kila mtu ayapende.

Tuanze na ile tano. Sote tunajua ukienda sokoni Butembo kuuliza bei ya maharagwe, na mama muuzaji akakujibu «elfu tatu», unamwuliza: kopo la Guigoz, beseni, au kilo? Bila hilo jibu, elfu tatu si bei. Tano ya karatasi ya kwanza ilikuwa namba ya namna hiyo. Labo ile ilitumia kipimo kinachoitwa HI, au IHA kwenye karatasi za Kifaransa, na kipimo hicho hakihesabu kuanzia sufuri mpaka mia. Kinahesabu ngazi.

Fundi anachukua sahani ya plastiki yenye vishimo vidogo 96. Anaweka seramu ya kuku mmoja kwenye kishimo cha kwanza, anaizimua nusu kwa maji ya chumvi, anahamisha nusu yake kwenye kishimo cha pili, anaizimua tena nusu, na kuendelea hivyo. Kwa hiyo ngazi ya kwanza ni 1/2, ya pili 1/4, ya tatu 1/8, ya nne 1/16, ya tano 1/32. Halafu anatia virusi vya Newcastle vilivyopimwa idadi yake, anasubiri, na mwishowe anatia chembe nyekundu za damu ya kuku. Virusi hivi vina tabia moja: vinazishika chembe nyekundu na kuziunganisha, ndipo zinatanda kama wavu kwenye kishimo chote. Lakini kama seramu ina kingamwili za kutosha, virusi vinafungwa mikono, chembe zinakosa wa kuzishika, zinateremka zenyewe chini na kufanya kitone chekundu. Fundi anainamisha sahani, kitone kinachuruzika kama chozi, naye anajua: hapa kinga ipo. Kishimo cha mwisho chenye kitone ndiyo ngazi ya kuku huyo.

Tulipoona hivyo tulinyamaza kidogo. Ngazi ya tano maana yake damu ya kuku yule ilizimuliwa mpaka sehemu moja kwa thelathini na mbili na bado ikaweza kuvifunga virusi. Katika kazi ya kuku wa kijijini, mafundi wanaotumia kipimo hiki kwa kiasi cha kawaida cha virusi huhesabu ngazi ya tatu, yaani 1/8, na kwenda juu, kuwa kuku amekingwa. Tano ilikuwa habari njema! Mama yule alitukanwa kwa kazi nzuri.

Sasa ile elfu mbili mia nane na arobaini. Labo ya pili ilitumia ELISA. Hapa hakuna chembe nyekundu. Virusi, au vipande vyake, vimekwisha kubandikwa kwenye vishimo tangu kiwandani. Seramu inatiwa, kingamwili zinanasa pale, zilizobaki zinaoshwa. Kisha kinatiwa kitu cha pili kinachozishika kingamwili zile, nacho kimebeba dawa ya kugeuza rangi. Rangi ikikolea, kingamwili ni nyingi. Macho hayatumiki, ni masini inayopitisha mwanga na kusoma ukali wa rangi, halafu hesabu ya kiwanda inaugeuza ukali huo kuwa namba. Kiwanda kimoja kina hesabu yake, na kingine kina yake. Ndiyo maana namba zinaruka mpaka maelfu, na ndiyo maana 2 840 ya kiwanda hiki si lazima iwe kubwa kuliko 1 900 ya kiwanda kile.

Kwa hiyo labo zote mbili zilisema kweli. Kila moja ilijibu swali lake. ELISA iliulizwa: kuna kingamwili ngapi zinazonasa kwenye virusi hivi? HI iliulizwa: zinaweza kuvizuia virusi visishike chembe nyekundu? Mara nyingi majibu hayo hutembea pamoja, mwenye nyingi huwa anazuia vizuri. Lakini si kila kinachonasa kinazuia. Mtu anaweza kumshika mwizi kwa shati, na mwingine akamshika kwa mikono yote miwili. Wote wameshika.

Jambo hili halikuanzia kwetu. Ujerumani, miaka ya 1890, walikuwa wakitibu watoto wenye dondakoo kwa seramu ya farasi waliokwisha kuzoeshwa sumu ya ugonjwa huo. Chupa moja iliponya na nyingine haikufanya kitu, na kila mtengenezaji alisifu yake. Mwaka 1897 Paul Ehrlich akatoa njia ya kumaliza ubishi: seramu moja ikaushwe vizuri, itunzwe mbali na hewa, mwanga na joto, iwe ndiyo jiwe la mzani, na seramu nyingine zote zipimwe kwa kulinganishwa nayo. Hapo ndipo yalipotoka mazoea ya kuhesabu seramu kwa yunithi. Mpaka leo, kwa kichaa cha mbwa, kiwango kinachokubaliwa na wengi duniani ni 0,5 ya yunithi ya kimataifa katika mililita moja, ukipima Nairobi au ukipima Paris. Kwa kuku wetu hakukuwa na jiwe la mzani kwenye zile karatasi mbili. Labo moja haikujua nyingine inafanya nini, na mradi uliolipa haukuuliza.

Tena hata HI kwa HI zinaweza kutofautiana. Labo nyingi zinatia kiasi cha virusi kiitwacho yunithi 4, nyingine zinatia 8. Ukiongeza virusi mara mbili, kingamwili zinakuwa na kazi mara mbili, na namba inashuka karibu ngazi moja. Halafu mkono wa fundi nao una yake: kuku aliyesomwa 5 leo anaweza kusomwa 4 au 6 kesho, bila kitu kubadilika mwilini mwake. Tofauti ya ngazi moja si habari. Tumesikia mtu akijisifu kwamba kuku wa upande wake wana 6 na wa upande wa pili wana 5, kama matokeo ya mpira. Aache.

Kuna kipimo cha tatu, nacho tunataka kukizungumza polepole, kwa sababu sisi wa Butembo na Beni tumelipa bei ya kukijua.

Katika kipimo hicho virusi hai vinachanganywa na seramu, kisha vinawekwa juu ya chembe hai zinazofugwa kwenye chupa. Unasubiri siku kadhaa. Chembe zikifa, seramu haikuzuia. Zikibaki hai, imezuia. Hakuna kipimo kinachokaribia zaidi swali lenyewe la mfugaji: je, damu hii inaweza kusimamisha ugonjwa? Lakini kinahitaji virusi hai, chembe hai, joto lisilobadilika mchana na usiku, na watu waliofunzwa sana. Kwa virusi kama vya Ebola kinahitaji pia labo ya ulinzi wa juu kabisa, na hizo barani Afrika zinahesabika kwa vidole: kuna ya Johannesburg, kuna ya Franceville kule Gabon.

Mnakumbuka. Ugonjwa ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ukianzia Mangina, na mwisho wake ulitangazwa tarehe 25 Juni 2020. Katikati tulizika watu zaidi ya 2 200. Lakini hadithi ya seramu ilianza mbali zaidi, Kikwit, mwaka 1995. Wagonjwa wanane walipewa damu ya watu waliopona, na saba kati yao wakaishi. Profesa Muyembe na wenzake waliona hapo mlango. Wengine walisema subiri, hakukuwa na kundi la kulinganisha, labda wangepona tu. Miaka ishirini baadaye, mwaka 2015, Conakry nchini Guinea, wagonjwa 99 walipewa plasma ya waliopona. Nguvu yake ya kuzuia virusi ilikuwa haijapimwa wakati inatolewa, maana kupima hivyo kulihitaji ile labo ya ulinzi mkubwa. Matokeo yakaja: hapakuonekana tofauti ya wazi katika kuokoa maisha. Mpaka leo huwezi kusema kwa hakika kama ni seramu ndiyo haisaidii, au ni nguvu yake iliyokuwa ndogo. Damu ilitolewa kwa moyo mzuri, na jibu likapotea kwa kukosa kipimo.

Wakati huo huo kulikuwa na mtu mmoja aliyepona Kikwit. Kutoka katika damu yake, miaka mingi baadaye, watafiti walichagua kingamwili moja ambayo walikuwa wameipima na kuona kwamba inazuia virusi kwa kweli, siyo kunasa tu. Ikatengenezwa kuwa dawa, mAb114. Dawa hiyo ililetwa hapa kwetu. Kuanzia Novemba 2018 mpaka Agosti 2019, katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina, wagonjwa 681 waligawanywa katika dawa nne. Kwa waliopewa mAb114 walifariki karibu 35 kwa mia, na kwa waliopewa REGN-EB3, ambayo ni mchanganyiko wa kingamwili tatu, karibu 34 kwa mia. Kwa wale wa ZMapp, dawa iliyotangulia, walifariki karibu 50 kwa mia. Nyuma ya tofauti hiyo kuna kazi ndefu ya labo ya kuuliza kingamwili ipi inashika na ipi inazuia. Mtu akituambia mambo ya vipimo ni ya wazungu na madaktari, tunamwonyesha njia ya Katwa.

Turudi kwa mifugo, tumalize na mbuzi kabla ya kusema tunalolitaka.

Mbuzi wana shida ya namna nyingine. Sotoka ya mbuzi na kondoo, ile inayoandikwa PPR, ilisumbua sana nchi yetu mwaka 2012, na dunia imejipa mpaka 2030 kuimaliza. Kwa ugonjwa huu kipimo kinachotumika zaidi ni ELISA ya kushindana. Tunawaomba muwe macho hapo: katika kipimo hicho kingamwili za mbuzi zinashindana na kingamwili ya labo kugombea nafasi moja, kwa hiyo rangi ikififia ndipo mbuzi ana kinga. Kuna karatasi ambazo namba ndogo kwa mia ndiyo nzuri, na nyingine zimegeuzwa ili namba kubwa iwe nzuri. Tumeona mtu akifurahia karatasi ya mbuzi wasio na kinga hata kidogo.

Halafu kuna jambo ambalo hakuna hata kimoja kati ya vipimo hivi kinachoweza kulisema. Chanjo ya PPR tuliyozoea ni virusi hai vilivyopunguzwa makali, na kingamwili zinazotokea baada ya chanjo hazitofautiani na za mbuzi aliyeugua akapona. Mradi ukija kutoa damu baada ya chanjo tu, na ugonjwa ulikuwa umepita msimu uliotangulia, utaandika ushindi ambao si wake. Dawa yake ni kutoa damu pia kabla ya chanjo. Inaongeza gharama, ndiyo. Wanaotukatalia damu ya kabla wanatuambia bajeti haiko. Bajeti ya kofia na fulana iko.

Wazee wetu wa ng'ombe waliona kazi hii ikifanywa vizuri. Sotoka ya ng'ombe ilitangazwa kwisha duniani mwaka 2011, na chanjo iliyofanya kazi kubwa ilitengenezwa na Walter Plowright na wenzake kule Muguga, Kenya. Lakini chanjo peke yake isingetosha kutangaza mwisho. Ilibidi kupima seramu za ng'ombe nchi kwa nchi, na hapo ELISA ndiyo iliyobeba mzigo, kwa sababu inapima wengi kwa siku moja. Kile kipimo cha virusi hai kilibaki kuwa mwamuzi: seramu zenye utata zilipelekwa huko. Kila kipimo kilipewa kazi yake, na watu hawakugombana kwamba kipi ni cha kisasa.

Sasa maoni yetu. Mtu wa mradi alituambia tuachane na HI, ni ya zamani, jicho la binadamu linachoka, masini haichoki. Tunamheshimu, lakini tunakataa. Kwa kuku wa kijijini tunataka HI. Damu nyekundu inayohitajika inatoka kwa kuku mzima asiyechanjwa, na kuku hatuwezi kukosa. Sahani, maji ya chumvi, kipimio cha kunyonyea, virusi vilivyouawa vya kupimia, friji: hivyo ndivyo vitu. Jibu linapatikana siku ile ile. Namba yake inaunganishwa moja kwa moja na swali la kinga, na hata mwanamemba asiyesoma anaweza kuinama juu ya sahani akaona kitone kwa macho yake. ELISA ya kuku inahitaji vifurushi vinavyotoka ng'ambo, vyenye tarehe ya kuharibika, vinavyotaka baridi njia nzima, pamoja na masini ya kusoma rangi na umeme usiokatika. Barabara zetu mnazijua. Kuna wiki gari halishuki kabisa.

Butembo kuna Chuo Kikuu Katoliki cha Graben, chenye kitivo cha tiba ya mifugo. Tunaona ajabu damu ya kuku wa Lubero isafiri kwenda mbali wakati vijana wanaosomea kazi hiyo wako mjini kwetu. Pesa ya kusafirisha sampuli msimu mmoja ingewekwa hapo katika sahani, friji na mafunzo. Kwa mbuzi, sawa, ELISA ibaki, ni wengi na ndicho kipimo cha PPR kinachoweza kwenda haraka. Kile cha virusi hai kifanywe kwa seramu chache tu za kuamua ubishi, pale penye labo inayokiweza.

Lakini hata labo ikiwa jirani, tutarudi kwenye ugomvi ule ule kama karatasi itaendelea kuja na namba tupu. Tumekubaliana katika komite kwamba hatutapokea tena karatasi isiyotaja jina la kipimo, kiwanda kama ni ELISA, idadi ya yunithi za virusi kama ni HI, na alama inayohesabiwa kuwa kinga. Tumeomba pia katika kila sahani iwekwe seramu moja inayojulikana kuwa na kinga na moja inayojulikana kuwa haina, na matokeo ya hizo mbili yaandikwe juu kabisa ya karatasi. Hilo ndilo jiwe letu la mzani, dogo, lakini letu. Na damu ya kabla na ya baada ya chanjo ipimwe siku moja, kwenye sahani moja, na mkono mmoja. Ya kabla itunzwe kwenye barafu ikisubiri mwenzake.

Na wastani tumeukataa. Kuku watano wenye ngazi 9 na watano wenye 1 wanatoa wastani wa 5, na ugonjwa ukija unaondoka na nusu. Tunataka kujua wangapi kati ya ishirini wamefika ngazi ya tatu.

Tulipofungua karatasi yetu ya HI na kusoma kuku mmoja mmoja, tulikuta kumi na sita wamefika ngazi ya tatu na zaidi, na wanne wako chini. Wote wanne walikuwa wa nyumba ambazo kuku hulala juu ya miembe. Hawakukamatika siku ya kwanza, wakachanjwa siku ya pili, mchana, kwa chupa iliyobaki jana, ambayo ilitembea juani kwa sababu barafu ilikuwa imekwisha. Chanjo hii ni hai. Hata ile ya I-2, iliyotoka Australia na kutengenezwa pia Tanzania, ambayo inasifiwa kwa kuvumilia joto, haipendi jua. ELISA nayo, tulipoangalia tena, iliwaweka watatu kati ya hao wanne mkiani. Wa nne iliona ana kingamwili za wastani. Zinanasa, hazizuii, au labda ni mkono wa fundi. Huyo kuku mmoja hatuna la kumwambia.

Tuongeze neno kwa haki: ngazi ya chini si hukumu ya kifo. Chanjo ya matone inajenga pia ulinzi pale pale kwenye jicho na koo, ambao damu haiuonyeshi, na mwili una askari wengine wasiopimwa kwa seramu. Kuku mwenye 2 anaweza kuokoka. Ila hatuwezi kupanga kazi ya kijiji kizima juu ya «anaweza».

Na kwa wanaotoa damu: Kyavinyonge si Butembo. Huku ziwani kuna joto, na damu nzima ikipanda na pikipiki mpaka milimani inafika imevunjika, seramu ni nyekundu, na labo inaitupa au, vibaya zaidi, inaipima hivyo hivyo. Iacheni damu igande ndani ya sindano, imelazwa kivulini. Seramu ikishajitenga imimineni kwenye kichupa safi, mwandike jina la nyumba na namba ya kuku, ndipo isafiri kwenye barafu.

Mama yule amerudi. Komite nzima ilienda kwake, wazee wawili wakatangulia kuongea, na yule ndugu aliyesema maji ya ziwa alikuja mwenyewe na samaki. Mama alipokea samaki, akaweka masharti yake: chupa mpya kila asubuhi, barafu ya kutosha siku mbili, na karatasi ya labo isomwe mbele yake, nyumba kwa nyumba, kabla haijasomwa mbele ya mtu mwingine yeyote. Tumekubali yote matatu. Zamu ijayo ataanza upande wa miembe. Wenye kuku wanaolala juu wanaombwa kuwafungia ndani tangu jioni ya siku iliyotangulia, na wasiwafungulie mpaka awe amepita.